Uhusiano wa Fundi Avtar na Chuo cha Udaktari

Ukipewa rafu na fundi Avtar, ujue umepewa na fundi Avtar mwenyewe. Rafu utaipigilia ukutani mara moja, lakini fundi utamkaribisha kila Jumapili, kwa sababu lazima aje kuitazama. Atapitisha kidole juu yake kutafuta vumbi. Atauliza nani kaweka chungu cha maua hapo, na kama huyo mtu anajua uzito wa udongo uliolowa. Ukiwa na wageni ndiyo kabisa, maana atawasimulia habari za rafu hiyo tangu ilipokuwa ubao mpaka wasahau walikuja kumwona nani.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale Kenton, pembeni mwa London, Bwana Muhiddin, alikuwa na rafu mbili za namna hiyo na kabati moja la viatu. Muhiddin alikuwa Mzanzibari aliyefika London kwa kuzungukazunguka baada ya mapinduzi, na sasa alikuwa karani wa tikiti stesheni. Sauti yake ilikuwa laini, ulimi wake pilipili.

"Yakhe," alimwambia Avtar siku moja, "nakuomba ulichukue kabati lako. Nimechoka kuishi nyumbani kwako na kodi nalipa mie."

"Kabati ni yako! Si nilikupa?"

"Ulinipa Machi. Leo Septemba, na bado unabisha hodi kuja kulijulia hali."

Avtar hakuudhika. Alifungua mlango wa kabati, akaufunga, akausikiliza, akaridhika, akaenda zake.

Alizaliwa Kisumu, mtoto wa seremala wa reli, naye akawa seremala. Februari ya mwaka sitini na nane, wakati Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipokuwa wakikimbilia ndege kabla sheria mpya ya Uingereza haijawafungia mlango, yeye alifika London na mke, binti wa miaka minane, na sanduku la zana lililokuwa zito kuliko wote watatu. Afisa wa forodha alimwuliza kama ana kitu cha kutangaza. Avtar akafungua sanduku akaanza kutangaza, randa moja moja, patasi moja moja, pamoja na historia ya kila moja, mpaka afisa akamsihi apite.

Nyumbani walisema Kipunjabi, lakini ugomvi, mzaha na habari za watu vilisemwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na viungo. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha Kisumu, nacho kilimuumiza Muhiddin masikio. Ila mtaani hapakuwa na mwingine wa kupiga naye soga, basi akavumilia.

Sasa ili umwelewe fundi Avtar na balaa alilokaribia kulizua, lazima uijue shule aliyosoma. Ilikuwa shule ya jamii yao, nyuma ya gurdwara, hekalu lao Makalasinga, na haikuwa na viti. Kila familia iliyotaka kuandikisha watoto ilileta benchi lake la mvule, na jina la ukoo likachongwa chini yake. Siku ya kuandikisha, mwalimu mkuu hakuuliza mtoto anajua nini. Aliuliza, "Benchi lenu lipi?" Baba akalionyesha, mtoto akakaa, mambo yakaisha. Baada ya miaka watoto wa mtoto huyo nao wakaja kukaa pale pale. Wengine walikuwa wazito wa akili, hata hesabu ya vidole iliwashinda, lakini benchi lilikuwepo, utawafanya nini? Baba yake Avtar alitengeneza kwa mkono wake nusu ya mabenchi ya shule nzima, kwa hiyo wanawe tisa waliingia bila swali. Kichwani mwa Avtar elimu ilikuwa hiyo: aliyetengeneza mahali pa kukaa, damu yake hukaa.

Binti yake, Kuldip, alitaka udaktari. Mtaa ule, mwaka sabini na saba, ulikuwa na madaktari watarajiwa wengi kuliko wagonjwa. Kila nyumba ilikuwa na mmoja aliyefungiwa ghorofani na vitabu, na mama zao wakikutana dukani kwenye bamia hawakuulizana afya, waliulizana alama za kemia. Wengi wa watoto hao walisukumwa tu kama mbuzi wa mnadani. Kuldip hakusukumwa na mtu. Tangu ana miaka tisa ndiye aliyekuwa akimtoa baba yake vibanzi vidoleni kwa sindano ya kushonea, amemkandamiza mkono mezani na kumkaripia anyamaze. Avtar aliwaambia watu kwamba wazo la udaktari lilikuwa lake yeye Avtar. Kuldip akisikia hivyo aligeuza macho juu, akarudi kwenye kitabu.

Chuo alichokitaka ni cha Mtakatifu Severin, upande wa pili wa mto, chuo cha kale chenye sifa na majivuno sawa kwa sawa. Alijaza fomu mwenyewe kwa wino mweusi na mwandiko uliosimama vizuri, akampa baba yake atie sahihi ya mzazi na kuipeleka posta. Hilo ndilo kosa pekee alilofanya mwaka ule.

Avtar alivaa miwani, akaisoma fomu yote jikoni kama mkataba wa nyumba. Kila kisanduku kilikuwa kimejazwa, isipokuwa kimoja. Kiliuliza uhusiano wowote wa familia na chuo: jina, mwaka, idara. Hapo Kuldip aliacha wazi.

"Mama Kuldip!" alimwita mkewe. "Huyu mtoto ameruka benchi!"

Mama Kuldip alikuwa akikanda unga wa chapati. Alimwambia atie sahihi, afunge bahasha, na asiguse kitu kingine chochote. Alimwambia mara mbili, kwa sababu alimjua.

Lakini Avtar angewezaje kutogusa? Mwaka sitini na tisa, kazi yake ya kwanza London ilikuwa na kampuni ya ujenzi chini ya msimamizi wa Kiairishi, Bwana Moloney. Walipewa kazi ya kung'oa mabenchi yaliyooza katika ukumbi wa anatomia wa chuo hicho hicho cha Mtakatifu Severin na kuweka mapya. Miezi mitatu mizima. Mabenchi arobaini na nne ya mwaloni, na chini ya kila moja, Moloney alipokwenda kuvuta sigara, Avtar alichonga jina lake na la Kisumu. Kama huo si uhusiano, basi uhusiano ni nini? Akachukua penseli yake ya useremala, nene kama kidole, akaandika katika kile kisanduku: BABA, AVTAR SINGH, 1969, ANATOMIA. Hakuandika uongo hata herufi moja. Akaipeleka posta huku akipiga mluzi.

Baada ya wiki tatu zikaja bahasha mbili. Ya Kuldip ilimwita kwenye usaili mwezi wa Novemba. Ya pili Avtar aliiwahi mlangoni, akaitia chini ya shati, akaruka nayo mpaka kwa Muhiddin. Ilikuwa kadi nene yenye kingo za dhahabu. Chama cha waliosoma zamani chuoni kilikuwa na furaha ya kumwalika Daktari A. Singh kunywa chai na wenzake, wakati mwanawe akisailiwa.

Muhiddin aliisoma mara mbili.

"Yakhe, hawa wanakudhani daktari."

"Makosa ya taipu hiyo. Maofisi yote iko nayo."

"Na hapa, 'wenzake wa zamani'?"

"Si nilikuwa hapo miezi tatu? Wenzangu, basi."

"Mwambie Kuldip."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishaingia."

Muhiddin aliacha mzaha. Alimpenda yule msichana. Miaka miwili alikuwa akiiona taa ya chumba chake ikiwaka kupitia uani, na alijua hakuwa ameenda sinema hata mara moja. "Fundi, nisikilize vyema. Mtoto wako ana nafasi hii moja, na kaipata kwa jasho lake. Wakijua kuwa wewe hukusoma pale, watasema nyumba nzima ni waongo, na mlango watamfungia yeye, si wewe."

"Watajua nini? Jina yangu iko chini ya benchi!"

Mtu wa namna hiyo hubishani naye. Muhiddin akaona kwamba kama rafiki yake anakwenda kujiaibisha, basi angalau ajiaibishe akiwa amevaa vizuri. Akamletea tai ya hariri yenye mistari ya zambarau na njano, iliyokaa mwaka mzima stesheni kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa na abiria, bila mwenyewe kutokea.

Siku ilipofika baba na binti walipanda treni pamoja. Kuldip midomo ilimchezacheza kwa majina ya mishipa. Walipokaribia alisema, "Papaji, unanisindikiza mpaka getini tu. Halafu uende ukanywe chai mahali."

"Ndiyo," alisema Avtar. "Nitakunywa chai mahali." Hapo pia hakusema uongo.

Getini bawabu aliangalia kilemba cha Avtar, akaangalia orodha yake ya wageni, akavua kofia. "Daktari Singh! Karibu tena chuoni, bwana. Chai ni ukumbi mdogo, mlango wa kwanza kushoto."

Kuldip alimtazama bawabu, akamtazama baba yake, akaitazama ile tai kwa mara ya kwanza.

"Daktari nani?"

"Makosa ya taipu."

"Papaji, umefanya nini?"

"Nimejaza tu ile kisanduku ulisahau."

"Sikukisahau! Nilikiacha!"

Kabla Avtar hajajibu, karani akaliita jina la Kuldip na kumpeleka kwenye ngazi. Aligeuka mara moja tu. Avtar alizijua hasira za binti yake zote, na hizi hazikuwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kituoni akaliona basi la mwisho likiondoka. Moyo ukamchoma. Akajiambia kwamba watoto hawaelewi mambo, akaingia mlango wa kwanza kushoto.

Ndani walikuwapo wazee wapatao ishirini wenye mashavu mekundu, kila mmoja na kikombe na kipande cha mkate chembamba chenye tango. Avtar alipoingia, maongezi yalikatika ghafla. Hawakuwa wakitazama kilemba, maana vilemba walikuwa wameshaviona maishani. Walikuwa wakitazama tai. Masikini fundi hakujua kwamba mistari ile ya zambarau na njano ilikuwa ya timu ya raga ya chuo hasimu, watu ambao Mtakatifu Severin walikuwa hawajaongea nao vizuri kwa miaka themanini.

Mzee mmoja mwenye masharubu meupe alimjia mbio, akamshika mkono akautikisa. "Kuivaa hiyo, humu ndani! Bwana, wewe una roho ya simba!" Alijitambulisha kuwa Daktari Whitcombe, mpasuaji mstaafu. Mjukuu wake naye alikuwa akisailiwa siku ile. "Wewe mwaka gani?"

"Sitini na tisa."

"Chini ya nani?"

"Moloney."

Whitcombe hakumkumbuka Moloney yeyote, lakini hakutaka kuonekana amezeeka. "Ah, Moloney. Mkali, eti?"

"Mkali sana! Ukikata vibaya anakutupia nyundo."

"Watu wa mifupa ndivyo walivyo," alisema Whitcombe kwa huzuni. "Na wewe ulikata mingapi?"

"Miguu? Mia moja sabini na sita. Kwa miezi mitatu."

Kikombe cha Whitcombe kilitua kwenye kisahani kwa kishindo. Yeye katika miaka arobaini hakuwa amefikisha thelathini. Aliuliza kwa upole kama yote ilikuwa ya lazima.

"Yote! Ile ya zamani ilikuwa imeoza. Njoo nikuonyeshe, iko hapo mlango wa pili."

Kumwacha mtu hivi hivi bila kuiona kazi yake, Avtar hakuwa na uwezo huo. Whitcombe alimfuata, akitarajia kukuta mitungi yenye miguu ya watu ndani. Alikuta ukumbi wa anatomia, na mabenchi arobaini na nne yaking'aa kwa safu, na Avtar akiyapapasa moja moja. Mzee akaelewa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe wewe seremala!"

"Fundi," alisema Avtar. "Seremala ni mtu yeyote mwenye msumeno."

Whitcombe alikaa, akajinyoosha, akakiri kwamba hilo ndilo benchi la kwanza katika chuo hicho lililouheshimu mgongo wake. Hakuna neno lingeweza kumlevya Avtar zaidi ya hilo. Akamvuta mpaka safu ya tatu, mkono wa kulia, wakapiga magoti, wakatambaa chini ya benchi ili daktari alione jina kwa macho yake. Na hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Mambo yalikuwa hivi: ghorofani mabomba ya kupasha joto yalikuwa yamegoma tangu asubuhi, na wasaili watatu, baada ya kukaa saa nzima na makoti na pua za buluu, walikuwa wameamua kushukia ukumbi wa anatomia. Walikuwa mwenyekiti mwenye tumbo, mwanamume mmoja wa kuandika, na mwanamke wa makamo mwenye miwani. Wakapanga viti mbele, wakakaa. Whitcombe alijiwekea kidole mdomoni kumwashiria Avtar anyamaze. Waliosoma zamani walikuwa wamekatazwa kabisa kusogelea usaili, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa chamani. Basi wazee wawili wakalala kifudifudi chini ya benchi, kama watoto walioiba maandazi.

Aliyeitwa kwanza alikuwa mjukuu wa Whitcombe mwenyewe.

"Whitcombe!" alinguruma mwenyekiti. "Baba alikuwa hapa, babu alikuwa hapa, na baba yake babu picha yake iko kwenye ngazi. Unacheza raga?"

"Hapana, bwana."

"Utajifunza. Na udaktari unaupenda?"

"Hapana, bwana. Nikiona damu nazimia. Mimi napenda kuotesha maua. Nimekuja kwa sababu ya babu."

Mwenyekiti alicheka kwa furaha. "Unyenyekevu! Hiyo ndiyo damu ya akina Whitcombe. Tutaonana Oktoba!" Dakika nne hazikutimia. Kijana akatoka kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Ana benchi," Avtar alinong'ona, kumpongeza mwenzake.

"Ndiyo," alinong'ona Whitcombe, macho ameyafumba. "Maskini mtoto."

Kisha wakamwita Kuldip. Kutoka pale alipokuwa, Avtar aliona viatu vyake tu, vyeusi, vimesimama sawasawa. Moyo wake ulikuwa ukidunda mpaka akaogopa sakafu itatoa sauti.

"Naona baba yako alikuwa hapa," alisema mwenyekiti. "Sitini na tisa, anatomia. Vizuri sana, vizuri sana. Jambo kama hilo hapa tunalipa uzito."

Avtar akatabasamu gizani mle chini. Hayo ndiyo maneno. Hiyo ndiyo shule.

"Baba yangu hakusoma hapa," alisema Kuldip.

Avtar alijigonga kichwa kwenye mwaloni wake mwenyewe. Kilemba kilimwokoa.

"Baba yangu ni seremala. Alitengeneza haya mabenchi. Aliandika vile bila mimi kujua, na hakuwa na nia ya kudanganya, kwa sababu shule aliyosoma yeye, kutengeneza benchi kulitosha. Lakini mimi sikukijaza kile kisanduku, na sikitaki. Naomba mkifute."

Mwenyekiti akakohoa kikohozi kirefu cha kutafuta la kusema. Yule mwanamke, ambaye muda wote hakuwa amefungua mdomo, akavua miwani. "Unajua kwamba baadhi ya waliokuja leo hawana sababu nyingine ila hicho kisanduku?"

"Najua. Nimekaa nao kwenye foleni."

"Na baba yako akijua umeomba afutwe, atasemaje?"

"Atanuna siku mbili. Siku ya tatu atasema lilikuwa wazo lake."

Whitcombe alijiuma mkono wa koti ili asicheke. Avtar hakuona cha kuchekesha.

"Basi ungeliacha jina," alisema mwanamke. "Lingekusaidia."

Vile viatu vikasogea kidogo, vikatulia. "Baba yangu akikupa kitu, hakiishi kuwa chake," alisema Kuldip. "Nampenda sana. Lakini nikiingia kwa mabenchi yake, hata nikifika miaka hamsini, kila mgonjwa nitakayempa dawa atakuwa amepewa na yeye. Hiki kimoja nakitaka kiwe changu."

Ilimuuma Avtar. Ilimuuma kuliko patasi iliyowahi kumpasua kidole gumba, maana ile ilikuwa patasi tu, na hii ilikuwa kweli. Alikuwa na majibu mia. Alikuwa na miaka yote ya jasho lake, baridi ya London, vidole vyake, na vyote vilitaka kusimama pale katikati ya ukumbi viseme. Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Wasaili wakamwuliza Kuldip juu ya moyo, juu ya mapafu, juu ya mtu anayekataa kutibiwa, na akawajibu moja baada ya jingine, hakuna haraka, hakuna kubabaika, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimkaripia nayo baba yake anyamaze atolewe kibanzi. Avtar akanyamaza. Dakika ishirini na tano alilala chini ya benchi lake bila kusema neno, na wanaomjua mpaka leo hawaamini.

Kwenye treni ya kurudi Kuldip alitazama dirishani. Mwishowe aliuliza, "Ulifanya nini huko?"

"Nilikunywa chai."

"Na?"

"Chai yao ni maji tu."

Kuldip alingoja maswali, hayakuja. Nyumbani Avtar alinuna siku mbili. Siku ya tatu hakusema lolote, na ya nne vile vile, mpaka Mama Kuldip akamwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ana homa. Hata kabati la Muhiddin halikutembelewa. Muhiddin, aliyekuwa ameomba hilo siku nyingi, akakaa wiki moja kisha akaenda mwenyewe kubisha hodi kuuliza kama kuna msiba.

Januari barua ikaja. Kuldip amekubaliwa, akipata alama walizozitaja, na Agosti akazipata zote na ziada. Mwezi huo huo Daktari Whitcombe alimwandikia Avtar kwamba mjukuu wake amekwenda kusomea kilimo cha bustani, kwamba yeye babu ndiye aliyembebea mizigo, na kwamba angependa kuagiza benchi.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nyumba ikajaa watu wa kumpongeza Kuldip. Walikuja watu wa gurdwara, walikuja akina mama wa alama za kemia wakiwa na tabasamu za kubana, sambusa zikapita, na Muhiddin akapewa kiti kizuri karibu na dirisha. Wote walijua kinachokuja. Wengine walikuwa wamekula kwanza nyumbani ili wasife njaa katikati ya hadithi.

"Haya, fundi," alisema Muhiddin akijifuta mikono. "Masikio tumeyaleta. Tupe habari ya mabenchi."

Kuldip alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Mabega yake yalipanda juu kidogo, kama ya mtu anayesubiri kumwagiwa maji baridi. Avtar alisimama. Alikuwa nayo hadithi nzima mdomoni, tamu, imeiva, na nyundo ya Moloney, na miguu mia moja sabini na sita, na roho ya simba. Alimtazama binti yake. Akaimeza kama dawa chungu.

"Ameingia mwenyewe," alisema, akakaa.

Watu walingoja yaendelee. Mama mmoja akadhani amesahau na kutaka kumkumbusha.

"Na mabenchi, je?" aliuliza Muhiddin.

"Mabenchi ni ya kukalia tu. Kunyweni chai."

Wageni walipokuwa wakihangaika na viatu vyao mlangoni, Kuldip alimkuta baba yake jikoni akikausha vikombe, kazi ambayo katika maisha yake hakuwahi kuifanya. Alifunga mlango. Alianza kwa Kipunjabi, akashindwa, akahamia Kiswahili.

"Papaji, kuna jambo sikukuambia. Siku ile ya usaili niliwaambia walifute jina lako."

"Nilisikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwako. Nilikuwa chini ya benchi, safu ya tatu."

Kuldip alimtazama kama anatania. Hakuwa anatania. "Muda wote ule?"

"Yote. Mguu ikakufa ganzi."

"Na hukutoka?"

"Ulikuwa unasema vizuri," alisema Avtar, akachukua kikombe kingine.